Mbeleko ya Seremala

Mbeleko haiulizi tumbo.

Ndivyo alivyosema mzee mmoja wa kanisa jana, Tamanda alipokuwa akiagwa kwao kwenda kwa mume, na umati mzima ukalipuka kwa vigelegele. Leo asubuhi vijana waliobaki kuosha masufuria ya sherehe wakamuuliza Bibi Sekela maana yake nini, na kwa nini watu wazima walicheka wakimtazama baba wa bibi harusi badala ya mama. Bibi Sekela akawaambia wasugue huku wakisikiliza, maana sufuria haling'ai kwa hadithi. Chanzo cha methali hiyo, alisema, ni hiki.

Seremala Ambakisye na mkewe Subilaga, hawa hawa tunaowajua hapa Tukuyu, walikaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto. Subilaga alikunywa dawa za miti na dawa za hospitali, akaombewa, akashauriwa na kila mwenye mdomo. Mwisho akachoka. Akasema basi, tumbo langu si shamba la kijiji, kila anayepita aingie na jembe lake.

Mwaka mmoja Ambakisye akaitwa Malawi, mji wa Zomba, akatengeneze vitanda kwenye makao ya watoto yatima. Kila alipotandika futi kamba sakafuni apime, kitoto kimoja cha kike kilikuja kikitambaa, kikaikalia. Akikisogeza, kinarudi. Kiliitwa Tamanda. Mama yake alifariki akijifungua, na hakuna ndugu aliyejitokeza. Vitanda vilipokwisha, Ambakisye akampigia mkewe simu.

"Subi, njoo Zomba."

"Kuna nini huko?"

"Kuna mtu anakalia futi yangu. Nimeshindwa kuondoka."

Subilaga alielewa. Wakaomba kumwasili mtoto yule, wakahojiwa huku na huko, na baada ya danadana nyingi wakakubaliwa, ila kwa sharti moja. Wangekabidhiwa mtoto wakae naye kwanza hapo hapo Zomba, na ofisa wa ustawi wa jamii awatembelee. Akiridhika kwamba mtoto amewazoea, watapewa ruhusa ya kurudi naye nyumbani. Asiporidhika, mtoto anarudi makaoni.

Siku ya safari, shangazi yake Subilaga, marehemu Ndimbumi, alimfungia mzigo: unga wa ulezi, pilipili manga, samli, na kanga mpya zenye kunuka duka. Kisha akamwonya.

"Mwanamke asiyekaa uzazi hana mtoto, ana mgeni. Ukikabidhiwa tu, ingia ndani ukae kama mzazi. Usishike ufagio, usishike mwiko, usitoke juani. Mtoto akuone wewe peke yako. Ukitoka humo utakuwa mama kamili, na hakuna atakayekunyooshea kidole."

Ndivyo wanavyokaa wanawake waliojifungua kwetu, mnajua. Lakini mtoto wa mzazi huwa ndiyo kwanza ametoka tumboni. Tamanda alikuwa na meno mawili na magoti yenye sugu za kutambaa. Hilo Subilaga hakulitazama. Alichokiona ni kidole cha watu, na alikuwa amenyooshewa vidole vya kutosha.

Wakapanga chumba kwa mjane mmoja, Mama Chisale, aliyewahi kuishi Mbeya na kujua Kiswahili chetu vizuri. Subilaga akapokea mtoto, akaingia ndani, akafunga dirisha, akaketi kitandani. Uzazi ukaanza.

Asubuhi Ambakisye alimpikia uji wa pilipili manga. Mchana supu. Jioni uji tena, samli ikielea juu. Subilaga akanawiri, mashavu yakajaa. Tamanda akalia. Alilia akipakatwa, alilia akiimbiwa, alilia akibadilishwa nepi na alilia akiwa mkavu. Akiwekwa chini alitambaa mpaka mlangoni, akaupiga kwa kiganja kama mtu anayedai haki yake. Usingizi ulipompitia, ulimpitia kwa kuchoka, si kwa kutulia. Mama Chisale alisema jogoo wake ameacha kuwika, ameona amepata mwenzake.

Ofisa akaja. Alikuwa Bi Kachale, mzaliwa wa Karonga karibu na mpaka wetu, kwa hiyo hakuhitaji mkalimani. Alikuta chumba chenye giza, mama mwenye macho mekundu, na mtoto anayejipinda mapajani kama samaki. Alikaa kitambo, akaandika, akasimama.

"Nitarudi wiki ijayo," alisema. "Nikimkuta hivi hivi nitamrudisha makaoni. Siwachukii, dada yangu. Lakini mtoto anayelia namna hii siwezi kumvusha mpaka."

Alipoondoka, Subilaga alimtazama mumewe. "Mtoto anajua," alisema. "Anatafuta tumbo lililomzaa, na mimi sina la kumpa."

"Ana miezi tisa, Subi. Anajua ziwa na anajua njaa."

"Anajua. Wewe ni mwanamume, huwezi kuelewa."

Badala ya kuulegeza uzazi, akaukaza. Alikumbuka kwamba hakukandwa, na mzazi asiyekandwa maji ya moto uzazi wake una kasoro. Akamwita Mama Chisale, akamwomba amkande tumbo. Mama Chisale akaweka mikono kiunoni.

"Nikande tumbo lipi, mwanangu? Lililozaa hatulijui lilipozikwa, na hili lako limezaa uji mtupu."

Lakini mjane yule alikuwa na huruma. Akachemsha maji, akachukua taulo, wakaingia bafu la uani. Mtoto akaachiwa baba, akiwa analia kama kawaida yake.

Sasa Ambakisye naye alikuwa na kazi mkononi. Milango ya Mama Chisale ilikuwa imevimba kwa mvua, haifungi, na kwa kuwa hakuzoea kukaa bure alikuwa ameahidi kuipiga randa. Mlango ulikuwa tayari umelazwa juu ya mbao barazani. Randa inataka mikono miwili. Mtoto anataka mikono miwili. Alimweka mtoto chini, mtoto akaelekea kwenye msumeno. Akamnyanyua. Akamweka tena, akaelekea kwenye patasi. Akatazama barabarani kulia na kushoto, akaona hakuna mtu. Akachukua kitenge kikuukuu alichokuwa akifungia vifaa vyake, akakikung'uta vumbi la mbao, akainama, akamtupia mtoto mgongoni, akafunga fundo kifuani. Fundo la seremala, lile la kufungia magogo.

Kisha akashika randa.

Huko bafuni, Subilaga alikuwa amefumba macho na taulo la moto tumboni. Ghafla akayafumbua.

"Kimya," alisema.

"Kimya nini?"

"Mtoto. Amenyamaza. Wamemchukua."

Akatoka mbio amejifunga kanga moja, maji yakimchuruzika miguuni, uzazi wote umeishia mlangoni pa bafu. Alipofika barazani akasimama kama aliyepigiliwa msumari. Mumewe, jitu lile lenye mabega ya mlango, lilikuwa limeinama likienda mbele na kurudi nyuma na randa, na mgongoni kwake Tamanda alikuwa ametoa kichwa na mkono mmoja, anayakodolea macho maranda yanavyojikunja na kuanguka. Kila moja lilipodondoka, alicheka.

Ambakisye alimwona mkewe, akasimamisha randa. Mtoto akaanza kukunja uso. Akaisukuma randa haraka, uso ukakunjuka.

"Usimwambie mtu Tukuyu," alisema bila kugeuka.

Subilaga aliketi kwenye ngazi. "Kwa hiyo ni mimi anayenikataa," alisema, na sauti yake ikawa ndogo. "Anakutaka wewe. Mimi amejua sikumzaa."

Mama Chisale alikuwa amefika na taulo lake begani. Alimtazama seremala kuanzia juu mpaka chini, akamzunguka, akamrudia Subilaga.

"Niambie, mwanangu. Huyu mume wako amewahi kuzaa?"

"Unanitania, mama."

"Nakuuliza. Ana tumbo la uzazi humo ndani ya suruali?"

"Hana."

"Basi mtoto anatafuta nini mgongoni kwake?"

Subilaga akautazama mgongo wa mumewe.

"Wale akina mama wa makaoni," Mama Chisale akaendelea, "wana watoto wengi kuliko mikono. Wanafagia na mtoto mgongoni, wanapepeta na mtoto mgongoni. Huyu amelelewa akitembea. Wewe umemfungia gizani, ukamkalia kama kabati. Hata mimi ningelia."

Subilaga akainuka. Alikwenda ndani, akavaa gauni, akarudi na ufagio. Akamgeuzia mumewe mgongo.

"Nifunge," alisema.

Ambakisye akamhamishia mtoto na kitenge kile kile, chenye harufu ya gundi na mninga. Tamanda akalia. Subilaga akainama, akaanza kufagia maranda. Akafagia baraza, akateremka uani, akafagia uani. Akafagia mpaka mbele ya nyumba ya jirani ambaye hakumwomba. Sijui ni lini hasa kilio kiligeuka kikawa mguno, na mguno ukawa kama wimbo. Alichohisi ni shavu moja likilala katikati ya mabega yake, zito, na kisha mate ya uvuguvugu yakilowanisha gauni. Aliendelea kufagia mahali palipokwisha kuwa safi, kwa kuogopa kusimama. Alikuwa amevaa nguo nyingi nzuri maishani mwake. Hakuna iliyompendeza kama gauni lile lenye doa la mate.

Toka siku hiyo dirisha likafunguliwa. Wakawa wanapokezana. Mmoja akipika, mwingine anabeba. Mmoja akienda sokoni, anakwenda na mzigo wake mgongoni. Wanaume wa mtaa walimcheka Ambakisye mara ya kwanza na ya pili. Ya tatu mmoja wao alimwuliza fundo lile linafungwaje.

Bi Kachale akarudi. Hakumkuta mtu chumbani. Alifuata kelele za kucheka mpaka uani, akamkuta Subilaga anatwanga na Tamanda mgongoni, na kila mchi ulipotua mtoto alitoa sauti, "eh", "eh", kana kwamba ndiye anayetwanga. Ofisa akasogea karibu. Akaomba ampakate mtoto. Akapewa.

Tamanda alimtazama yule mama mgeni, akatazama kalamu yake, akaanza kukunja uso. Kisha akaachia kilio kile kile cha zamani, cha kumstaafisha jogoo.

Hapo wote wawili, mume na mke, bila kuambizana, wakageuka wakainama. Migongo miwili, sambamba, mbele ya ofisa wa serikali. Bi Kachale alibaki na mtoto mikononi, hajui ampe nani. Mtoto alijua. Alijirusha kwa Subilaga, akamshika kwenye mabega kwa vidole vyote, akanyamaza kabla hajafungwa. Ambakisye akajinyoosha polepole, akajifanya alikuwa akitafuta msumari chini.

Bi Kachale alicheka mpaka akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Alipomaliza akajifuta macho.

"Ruhusa mtapata," alisema. "Ila nina swali, na si la ofisi. Nawajua watu wa kwetu na wa kwenu, ni wale wale. Mkifika nyumbani watauliza mtoto ametoka tumbo la nani. Utawajibu nini, dada?"

Wiki moja kabla, swali lile lingemlaza Subilaga kitandani. Sasa alikuwa anakaza fundo, hakuinua hata kichwa.

"Nitawaambia mbeleko haiulizi tumbo. Ingekuwa inauliza, ingemdondosha mtoto siku ya kwanza, maana wa kwanza kumbeba alikuwa huyu." Akamwonyesha mumewe kwa kidevu.

Basi wakarudi. Shangazi Ndimbumi alikuwa wa kwanza kufika, na hata salamu hazijaisha akauliza, "Ulikaa uzazi, mwanangu?"

"Nilikaa shangazi, mtoto akakataa. Nikasimama."

"Na hicho kitenge kibovu ni cha nini? Kanga nilizokupa ziko wapi?"

"Hiki ni mbeleko ya mjukuu wako, mkwe," akajibu Ambakisye. Akakichukua kitenge, akajifunga Tamanda mgongoni mbele ya ukoo mzima, akaenda kuchanja kuni za chai. Kuna waliotaka kuuliza mambo ya tumbo siku ile. Walitazama ule mgongo unavyoondoka, na yule mtoto anavyowapungia mkono, wakasahau swali.

Bibi Sekela akainama kukagua sufuria moja, akalirudisha likasuguliwe tena. Jana, alisema, yule mzee wa kanisa alimwona Ambakisye amesimama karibu na gari la maharusi. Tamanda alipokuja kumuaga, amevaa shela refu, mwanamume yule mwenye mvi aligeuka akainama kidogo, kwa mazoea tu, kabla hajakumbuka kwamba binti amekua. Ndiyo maana watu walimcheka yeye, na ndiyo maana mkewe aliyekuwa pembeni alicheka huku akilia.

Mbeleko haiulizi tumbo.