Chaza Watatu wa Zimwi

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na chaza, na ulimi wa kumla.

Basi, ilikuwa Jumamosi ya bamvua, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, maji yamekupwa hadi fungu la mchanga limebaki wazi. Wanawake wa mji wa Mwatondo walivuka kwa miguu kwenda kula chaza, kama walivyofanya kila mwaka. Walibeba visu, ndimu na pilipili.

Desturi yao ilikuwa hii: mwanamke mkubwa kuliko wote humchagua msichana wa kufungua chaza wa kwanza, kisha humlisha chaza huyo kwa mkono wake. Miaka mitatu mfululizo Bibi Mwanatumu alimchagua mjukuu wake Mishi. Mwaka huo alimwita Rukia, mdogo wake Mishi.

Rukia alipenyeza ncha ya kisu, akaizungusha kidogo, gamba likaachia. Maji yake hayakumwagika hata tone. Bibi akakamulia ndimu, akamlisha.

"Huyu ana mkono mwepesi," akasema. "Wewe Mishi ulikuwa ukitutafunisha magamba."

Wanawake wakacheka. Mishi naye akacheka, lakini wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki, hautoki wala haushuki. Akachukua kikapu chake, akazunguka nyuma ya mikoko kula peke yake.

Kumbe mikokoni mlikaa zimwi. Vidole vyake vilikuwa vinene kama mihogo, halikuweza kufungua chaza. Lilikuwa likimmeza chaza na gamba lake, kisha tumbo likilikwaruza siku nzima.

Zimwi likamuuliza mbona amenuna. Mishi hakukimbia, kwa kuwa tangu asubuhi hakuna mwingine aliyemuuliza. Akalieleza yote.

"Fungua nile, nami nitatoa nikupe," likasema zimwi.

Mishi akauomba wepesi wa mkono wa Rukia, akafungua chaza, zimwi likala, likautoa likampa yeye. Kule funguni Rukia akajikata kidole. Mishi akarudi, akafungua chaza kumi bila kuvunja gamba, akasifiwa. Lakini akamwona Bibi akikifunga kidole cha Rukia kwa kipande cha kanga, akikipuliza. Mishi akahesabu: mara saba. Akarudi mikokoni.

"Fungua nile, nami nitatoa nikupe."

Mishi akafungua chaza wa pili, akaomba kicheko cha Rukia; zimwi likala, likakitoa likampa. Rukia akanyamaza kimya, Mishi akawa mcheshi hata wanawake wakashika mbavu. Lakini Bibi akamuuliza Rukia ana nini, akamketisha ubavuni pake. Mishi akarudi mikokoni.

"Fungua nile, nami nitatoa nikupe."

"Nipe nafasi yake kwa Bibi."

"Yote?"

"Yote."

Zimwi likala. Mishi aliporudi, Bibi alimwita mjukuu wake wa pekee, akamlisha chaza kwa mkono wake. Alikuwa mtamu. Wallahi, alikuwa mtamu.

Saa sita na robo maji yakaanza kujaa. Wanawake wakashika njia ya kurudi, hakuna aliyeona kwamba wamepungukiwa na mtu. Rukia alibaki funguni, maji magotini, akiwaomba wamngoje. Nyuma yake mikoko ikatikisika. Zimwi lilikuwa likija, kwa maana chakula chake hasa ni mtu asiyekumbukwa na mtu.

Bibi akageuka. "Mtoto wa nani yule?"

"Ni mdogo wangu," akasema Mishi.

"Wewe huna mdogo."

Mishi angeweza kunyamaza. Nusu ya moyo wake ilimwambia anyamaze.

"Ninaye," akasema. "Nilimwonea wivu mkono wake, nikauomba kwa zimwi." Kisu kikamteleza vidoleni, wepesi ukamtoka.

"Nilimwonea wivu kicheko chake, nikakiomba." Kicheko nacho kikamtoka.

"Nilimwonea wivu nafasi yake kwako wewe, Bibi."

Hapo Bibi akamkumbuka Rukia. Akaingia majini na kanga zake, wanawake nyuma yake na visu, wakiita jina moja. Zimwi lilipoona mtu huyo anakumbukwa na mji mzima, likarudi mikokoni na njaa yake.

Njia nzima hakuna aliyesema na Mishi. Rukia alitembea upande wa pili wa Bibi.

Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mishi alichukua chaza wawili ambao hawajafunguliwa, akaenda kubisha mlango wa chumba cha Rukia. Wivu alikuwa nao bado.

"Nionyeshe unavyoshika kisu," akasema.

Rukia alimtazama sana. "Kwanza wasugue matope, dada. Mimi sijanywa hata chai."

Mishi akachuchumaa, akasugua.

Hadithi yangu imefika kikomo chake. Wivu utaje ungali mdogo; ukiufuga kimya, utamla wa kwako.