Mvua ya Kusimuliwa

Kulikuwa na wakati watu wa Upareni hawakujua dhoruba inafananaje, na wala hawakuwa na hamu ya kujua. Mawingu yakijikusanya, kila mtu aliingia ndani, akafunga mlango, akaendelea kumenya ndizi zake. Mmoja tu alibaki nje juu ya jiwe kubwa, akitazama kwa niaba ya wote. Akiita "Manyunyu!", kazi iliendelea. Akiita "Mlima!", watu walikimbilia ng'ambo ya bonde, maana mlima ulikuwa unaporomoka. Hakuna aliyechungulia. Ya nini, na Nakiete yupo?

Nakiete alikuwa mjane mwenye sauti ya kufika mabonde mawili, na kwa miaka ishirini hakukosea hata mara moja. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Nambike. Siku hiyo Nambike alikuwa na uchungu wa siku ya pili, nyumbani, mikononi mwa mkunga na wanawake wanne.

Mvua ikaja. Nakiete akaona maji mekundu yakishuka mahali ambapo hayajawahi kupita. Akaona migomba inasogea huku imesimama. Alijua. Jamani, alijua kabisa! Lakini akawaza: nikiita, wale watakimbia, mwanangu abaki peke yake na kichwa cha mtoto kimeshachungulia. Labda mlima utangoja kidogo. Akaita, "Manyunyu! Manyunyu tu!"

Wakamwamini, wakaendelea kumenya ndizi.

Mlima haukungoja. Lilibaki jiwe, naye juu yake.

Jioni akarudi shemeji yake, Mbazi, aliyekuwa amepeleka mbuzi ng'ambo. Alikuta tope tupu, na mwanamke anachimba kwa kucha. Nakiete hakuficha kitu. Mbazi aliketi palepale kwenye tope.

"Shemeji," alisema, "ungeita tu. Wangembeba."

Hilo halikuwa limemjia hata kidogo. Wanawake watano! Wangembeba.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, maskini. Aliita "Mlima!" kwa kila wingu, hata jua likiwaka, mpaka waliohamia pale wakachoka kukimbia bure. Wakawa wanatoka kwanza wakajionee. Siku mlima uliposhuka kweli, uliwakuta nje, wametazama juu.

Kuanzia hapo mpaka mvua hii ya jana, mbingu zikinguruma watu wanaambiwa wakae ndani, nao wanatoka. Wanasimama kwenye kingo za mto unaofurika, na wengine hawarudi. Msiwaite wajinga. Wanaogopa kuambiwa ni manyunyu.