Sifa ya Nyumba Muulize Aliyehama

Sifa ya nyumba muulize aliyehama.

Mliisikia juzi tulipoanua matanga ya dada yangu Edina, kutoka kwa yule mwalimu mgeni aliyesimama kutoa salamu za walimu wenzake. Upendo akaninong'oneza, "Babu, hiyo methali mbona haimo kwenye vitabu vyetu?" Haimo, mjukuu wangu. Wahenga hawakuisema. Ilisemwa sebuleni mwetu, hapa hapa Muheza, na waliokuwapo wengine bado wako hai. Kaeni niwaeleze ilivyozaliwa. Nisipoieleza mimi itabaki maneno matupu, na dada yangu hakuwa mtu wa maneno matupu.

Edina alifundisha kemia. Maabara yake ilikuwa meza moja ndefu na jiko la mafuta ya taa. Alipotaka wanafunzi waone rangi ya moto inavyobadilika chumvi ya aina fulani ikiunguzwa, darasa zima lilijazana kwenye jiko lile moja, wa nyuma wakapanda juu ya madawati, na bado nusu yao hawakuona kitu. Hilo lilimuuma. Alitamani kufundisha, walau mara moja maishani, mahali ambapo kila mwanafunzi ana moto wake mwenyewe.

Ndipo akaja Bwana Ndomba. Alikuwa wakala wa kuwatafutia walimu kazi katika shule za kimataifa huko ng'ambo, na ofisi yake ilikuwa Tanga mjini, juu ya duka la vitenge. Alivaa tai hata siku za jua kali. Alituletea picha za shule moja katika nchi ya mbali: maabara inayong'aa kama sahani mpya, bwawa la kuogelea, miti iliyopangwa mstari kama askari wa gwaride. Nafasi ya mwalimu wa kemia ilikuwa wazi.

"Ila ni moja tu," alisema Ndomba, "na wanaoitaka ni utitiri. Mwalimu, bahati haibishi hodi mara mbili."

Mama yetu wakati huo alikuwa mgonjwa wa moyo. Hakumzuia Edina. Alimwambia tu, "Nenda, mwanangu. Lakini siku yangu ikifika, nataka mikono yako iwe miongoni mwa mikono itakayoniosha." Edina akanifuata uani akaniambia kwamba hilo ndilo sharti lake. Kwenda angekwenda, na alitaka sana kwenda, ila awe na njia ya kurudi siku atakapoitwa.

Sasa, katika ukoo wetu binti akiposwa jibu halitoki mpaka shangazi yake aende kuipeleleza nyumba ya mposaji. Baba alipoona zile picha alizigeuza geuza, akasema, "Mtoto anaondoka kwangu, anakwenda kulala kwa watu nisiowajua, kwa ahadi za mshenga aliyevaa tai. Hii nayo ni posa. Nambua atapeleleza."

Nambua ndiye dada yake Baba, shangazi yetu, na kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa mabinti wengi wa ukoo. Ng'ambo hakuweza kufika. Kwa hiyo siku ya usaili tulimpeleka ofisini kwa Ndomba, akaketi kando ya Edina mbele ya kompyuta, kanga mbili, mkoba magotini. Mkuu wa shule akatokea kwenye kioo, akasalimu kwa Kiingereza.

"Mwambieni huyo baba asogee penye mwanga," alisema Shangazi. "Siyaoni macho yake."

Ndomba alianza kutoka jasho. "Mama, huu ni usaili, si ngoma ya mwali."

"Na wewe mshenga nyamaza. Mshenga haongei ukoo unapotazamana."

Mkuu wa shule alicheka alipotafsiriwa maneno hayo. Alikuwa mtu wa maneno laini. Akasema anaelewa wasiwasi wa familia, na kwa kuwa pale shuleni yupo mwalimu Mtanzania, angemwita aongee nasi kwa lugha yetu. Akaja kijana mmoja, akaketi mbele ya kamera. Jina lake Mwalimu Tesha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kwenu wapi?"

"Marangu, mama."

"Huko unakula?"

"Nakula vizuri."

"Unalala?"

"Nalala vizuri, chumba kina kiyoyozi."

"Wanakuheshimu?"

"Sana, mama. Hapa ni nyumbani."

Shangazi akajipiga paja. "Nimeridhika!"

Habari zikafika nyumbani kabla yetu. Tulipokelewa kwa vigelegele. Majirani wakaanza kuagiza vitu, huyu viatu, yule manukato. Mzee Singano wa nyumba ya pili akaagiza saa ya mkononi, akakunja mkono wa shati na kunyoosha mkono wakati anaagiza, kana kwamba anapimwa. Kilichobaki kilikuwa Edina kurudi kwa Ndomba kutia saini mkataba mbele ya mkuu wa shule.

Alasiri moja kabla ya siku hiyo, Edina na Shangazi walikuwa wakichambua mchele barazani. Mimi nilikuwa natengeneza mguu wa kiti, nikawasikia.

"Shangazi," Edina alisema, "ulipokwenda kunipelelezea kwa akina Mbelwa waliponiposa, ulimuuliza mama yao?"

"Mama yao! Mama mtu atakwambia mwanangu mlevi? Nilikwenda Pongwe, kwa yule mke wao wa kwanza aliyeachika."

"Kwa nini hukumuuliza mmoja wa wake waliokuwemo mle nyumbani?"

"Aliyemo atasema nini, mwanangu? Anakula chungu kimoja nao. Aliyetoka ndiye mwenye mdomo wake."

"Na Mwalimu Tesha ametoka?"

Mkono wa Shangazi ukasimama ndani ya ungo.

"Yumo," alisema polepole.

"Na mkuu wa shule, wakati unamuuliza Tesha, alikuwa wapi?"

Shangazi alifikiri. "Lo! Bega lake lilionekana pale pembeni. Shati la bluu." Akauweka ungo chini. "Edina, tumemuuliza mke mbele ya mumewe."

Siku ya kutia saini ilipofika, Edina alikwenda, nami nikamsindikiza. Mkataba ulikuwa mezani na kalamu juu yake. Mkuu wa shule akatokea kwenye kompyuta akitabasamu. Edina hakuishika kalamu. Alimuuliza mwalimu wa kemia aliyeiacha nafasi ile anaitwa nani, na kama anaweza kuzungumza naye.

Mkuu wa shule akasema huyo ameondoka.

"Najua ameondoka. Ndiyo maana namtaka yeye."

Akajibiwa kwamba shule haina utaratibu huo.

"Basi mwingine yeyote aliyewahi kuondoka. Hata wa kufundisha muziki."

Mkuu wa shule bado alikuwa akitabasamu. "Walimu wetu wana furaha. Kwa nini unawatafuta wasio na furaha?"

"Simtafuti asiye na furaha," Edina alisema. "Namtafuta aliye huru. Na nikifiwa na mzazi, nitaruhusiwa kurudi kuzika?"

"Mambo kama hayo hujadiliwa yanapotokea."

"Mimi nataka tuyajadili kabla hayajatokea."

Tabasamu likaisha. Mkuu wa shule akasema wapo walimu wengi wanaoingojea nafasi ile, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumhoji namna hii.

"Basi usiwacheleweshe," alisema Edina, akausukuma mkataba kule upande wa Ndomba.

Kompyuta ilipozimwa, Ndomba aliruka. "Umenitia aibu! Umenichafulia jina kwa wateja! Nitawaambia mawakala wenzangu wote, hutaiona ng'ambo hata kwenye ramani. Utazeeka Muheza unavuta vumbi la chaki!"

Edina alikuwa ameshachukua mkoba wake. "Chaki ya Muheza nikiiweka chini, Bwana Ndomba, natoka mlangoni bila kumwomba mtu ufunguo."

Sikilizeni vizuri hapa, wajukuu zangu. Siku ile Edina hakuwa na ushahidi wowote. Hakujua baya hata moja la shule ile. Alichojua ni kwamba ameomba kumsikia aliyetoka, akanyimwa. Kwa hilo tu akaiacha maabara aliyoiota miaka yote. Msidhani ilikuwa rahisi. Tulipofika nyumbani aliingia chumbani kwake akazitoa zile picha za shule alizokuwa amezibandika ukutani.

Watu hawakumwonea huruma. Kijiweni wakampa jina, Mwalimu Maswali. Wenzake kazini walimwuliza kama anangoja shule ije kumpigia magoti. Mzee Singano alisimama langoni akasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Binti, sasa saa yangu ndiyo basi tena?"

"Jua lipo, Mzee Singano," Edina alimjibu. "Litakwambia saa, na halihitaji betri."

Hata Baba alinung'unika. Edina hakumbishia, ila hakurudi nyuma pia. Kila asubuhi aliwasha jiko lake la mafuta ya taa, wanafunzi wakapanda madawati.

Masika ya mwaka ule Mama akafariki. Edina alimwosha. Mimi nilikuwa nje na wanaume, nikamsikia ndani akiimba taratibu wimbo wa kanisani alioupenda Mama, sauti haitetemeki.

Mvua zilipokuwa zinakatika, mgeni mmoja akabisha hodi kwetu. Alikuwa mrefu, amekonda, ana begi moja dogo. Akasema, "Mimi ni Tesha."

Hatukumtambua. Shangazi Nambua, aliyekuwa bado anakaa nasi tangu msiba, ndiye aliyemtazama sana usoni.

"Tesha yule wa 'hapa ni nyumbani'?"

"Ndiye, mama. Nimehama. Nimekuja uniulize upya."

Tulikuwa sote sebuleni, Baba na Edina na mimi. Shangazi akajikunja vizuri mkekani, akamuuliza yale yale, kwa utaratibu ule ule.

"Huko ulikula?"

"Nilikula, mama. Walichotaka wao, walipotaka wao."

"Ulilala?"

"Chumba chenye kiyoyozi. Tulilala walimu wanne, na kiyoyozi kiliwashwa siku za wageni."

"Walikuheshimu?"

Tesha aliinamisha kichwa. Kisha akaeleza. Siku ya kwanza tu ofisi ilichukua pasi zao za kusafiria, ikasema inazitunza, ikazifungia kabatini. Masomo mawili aliyoahidiwa kufundisha yakawa matano. Yule mwalimu wa kemia aliyeiacha nafasi aliyoitaka Edina aliondoka kwa kukimbilia ubalozini. Na baba yake Tesha alipofariki huko Marangu, alikwenda kuomba pasi yake ili akazike, wakamwambia mitihani kwanza.

"Baba yangu alizikwa," alisema, "mimi natembea kati ya madawati nikiangalia watoto wa watu wasiibiane majibu."

Shangazi alimuuliza kwa upole, "Na siku ile, mwanangu, kwa nini hukutupa hata ishara?"

"Mkuu alikuwa ameniwekea mkono begani, mama."

Edina akamsogelea. "Umefanyaje ukatoka?"

"Wewe ndiye uliyetutoa," alisema Tesha. Sote tukashtuka. "Baada ya wewe kukataa, mkuu alikasirika mno. Kila kikao alikutaja. Alitusomea maswali yako moja baada ya jingine ili tuone mwalimu asiye na adabu anavyokuwa. Sisi tulikaa tukisikiliza. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuyasikia yakisemwa kwa sauti. Mwishowe mwalimu mmoja wa hesabu akasimama pale pale kwenye kikao akasema, 'Na mimi nataka kujua. Nikifiwa, itakuwaje?' Tukasimama wote. Tuliwaambia darasani haingii mtu mpaka kabati lifunguliwe. Walitutisha. Tukakaa chini ya ile miti yao ya kwenye picha, wazazi wanapita wanatuona. Wakafungua."

Shangazi Nambua alimgeukia Baba. Hakuwa akitunga methali, alikuwa anatoa ripoti ya upelelezi wake, kwa kuchelewa. "Kaka," alisema, "jibu langu la mwanzo nalifuta. Sifa ya nyumba muulize aliyehama."

Baba akairudia, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. Tesha akaondoka nayo. Walimu hujuana hata walipotawanyika, na maneno yale yakaenda mbali kuliko sisi tulivyowahi kwenda.

Edina alikuja kupata shule nyingine ng'ambo, bila Ndomba. Aliwauliza maswali yale yale, na mkuu wao, mama mmoja mkali, akampa majina ya watu wawili walioondoka, akaongeza kwamba huyo wa pili walikosana. Edina alimtafuta huyo waliyekosana. Akaambiwa baridi ni ya kuua, chakula hakina chumvi, mkuu ana kiburi, na pasi yako unakaa nayo mwenyewe. Akaenda. Kiburi kweli alikikuta, wakagombana naye miaka yote. Lakini kila mwanafunzi alikuwa na moto wake, na dada yangu alirudi siku aliyotaka yeye.

Toka hapo alikuwa aliyehama, na walimu wakaanza kumpigia simu. Hakuficha zuri wala baya. Ndomba alituma mtu kulalamika kwamba Edina anamharibia biashara. Edina alimjibu kwamba biashara isiyostahimili swali na ife.

Simu yake sasa ninayo mimi. Bado inaita. Jana amepiga binti mmoja kutoka Iringa, anatakiwa atie saini upesi, nafasi ni moja, wengine wanangoja. Nilimwambia mwenyewe ametutoka. Akalia kidogo. Kisha nikampa majina ya watatu waliowahi kuondoka katika shule ile, maana Edina aliniachia, na nikamwambia asiishike kalamu mpaka awasikie wote.

Nanyi pia. Watakaowaharakisha ni wengi, na watawaita wabishi, wasio na shukrani, akina Mwalimu Maswali. Waacheni waite. Ulizeni, mkinyimwa jibu ulizeni tena, na mkinyimwa tena inukeni mwende zenu. Sifa ya nyumba muulize aliyehama.