Karibu Isiyokuwa Yake

Wapendwa, Tumsifu Yesu Kristo. Najua wengi wenu akili iko nyumbani. Sanamu ya Mama yetu pamoja na masalia ya watakatifu vinatufikia Jumatano, na kuna kuta za kupaka chokaa na vitambaa vya meza vya kuazima. Lakini kaeni kidogo niwasimulie habari ya mama mmoja aliyepata kumpokea mgeni kama huyu.

Mama huyo aliitwa Leokadia. Alikuwa mjane, mkulima wa viazi, katika parokia moja ya huko milimani, ambako hadi saa nne asubuhi nyumba ya jirani huioni kwa ukungu. Jirani aliyepakana naye shamba aliitwa Tekla. Hao wawili walikuwa wameimba kwaya moja miaka kumi na tisa, wote sauti ya pili, wakisimama bega kwa bega. Ukimwona mmoja, mwingine hayuko mbali.

Kisha ikaja Jumamosi moja, mchana, mvua inanyesha. Binti yake Leokadia, jina lake Fotunata, akashikwa na uchungu kabla ya siku zake. Zahanati iko mbali, pikipiki zimekwama. Gari la kuweza kupita kwenye tope lile lilikuwa moja tu, pikapu ya mume wa Tekla, nayo ilikuwa imeegeshwa uani. Leokadia alikimbia mpaka pale, khanga inamdondoka, anaita. Tekla akatokea dirishani.

"Dada, ufunguo ameondoka nao baba," alisema. "Sina la kufanya."

Wakambeba Fotunata kwa machela. Fotunata alipona. Mtoto hakupona.

Baadaye watu wakaanza kunong'ona kwamba ufunguo ulikuwepo siku ile. Leokadia hakwenda kuuliza. Hakugombana na mtu wala hakumsengenya mtu. Aliacha tu kumsalimia Tekla. Akatoka kwenye kwaya, akahamia kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, na miaka minne ikapita hivyo.

Sasa likaja tangazo kama letu hili. Sanamu ya Bikira Maria itazunguka nyumba kwa nyumba katika kila jumuiya. Kila familia itakaa nayo siku moja, na siku ya pili mwenye nyumba ataibeba kwa mikono yake mwenyewe hadi nyumba inayofuata, amkabidhi mwenzake mlangoni. Katekista wao, mzee Kasiani, akasoma orodha: "Jumatatu kwa Tekla. Jumanne kwa Leokadia."

Baada ya ibada Leokadia akamfuata.

"Katekista, nibadilishie siku."

"Una safari, mama?"

"Sina."

"Una mgonjwa nyumbani?"

"Hapana."

"Sasa nibadilishe kwa sababu gani?"

Leokadia angesema nini? Kwamba hamtaki Mama wa Mungu? Alimtaka sana. Tangu mjukuu yule azikwe bila jina, alikuwa akingoja siku atakayopiga magoti mbele ya masalia yale amwombee kwa utulivu, nyumbani kwake, mlango umefungwa. Lakini baraka hiyo ije kupitia mikono ile? Alirudi nyumbani haelewi anachokitaka. Niambieni, ninyi mngefanyaje?

Siku zile alichanganyikiwa kweli. Meza aliihamisha kutoka ukuta huu hadi ule, kisha akairudisha ilipokuwa. Alitia chumvi kwenye chai. Usiku aliamua atapokea, asubuhi akaamua atajifanya mgonjwa. Jumanne yenyewe, nyimbo zimeshaanza kusikika zikipanda mlima, akamgeukia Fotunata.

"Mwanangu, pokea wewe. Mimi nitakuwa jikoni."

Fotunata alikuwa anatandika mkeka. Akasimama.

"Mwenye nyumba ni wewe, mama. Halafu aliyefiwa na mtoto ni mimi. Miaka minne hii umekasirika kwa niaba yangu. Mbona hujawahi kuniuliza mimi naonaje?"

Leokadia hakulitegemea swali hilo, wala hapakuwa na muda wa kulijibu, maana watu walikuwa wamefika uani.

Mbele alitangulia Tekla, amevaa sare ya akina mama, ameikumbatia sanamu kifuani, shela jeupe linapepea. Nyuma yake paroko na kisanduku cha kioo chenye masalia, kisha jumuiya nzima. Wimbo ukakoma. Kulikuwa na utaratibu: mwenye nyumba anasema neno la kukaribisha, ndipo anapokea. Watu wote walijua habari za wanawake hawa wawili, kwa hiyo wakanyoosha shingo waone.

Leokadia akakaza macho kwenye uso wa sanamu ili asiuone uso mwingine uliokuwa juu yake. Akanyoosha mikono.

"Karibu, Mama," alisema. "Karibu ndani."

Lakini Tekla hakumkabidhi sanamu. Aliinua mguu akavuka kizingiti nayo, akapita mbele ya Leokadia mpaka ndani, akaiweka juu ya kitambaa cheupe. Halafu akapiga ishara ya msalaba, akaketi mkekani, ubavuni kwa Fotunata.

Uwanjani vikalipuka vigelegele! Wazee wakatoa leso. Paroko alivua miwani akaifuta. Watu walisema, tazama, Leokadia amemwita mwenzake mama, amemkaribisha, yamekwisha! Naye Leokadia alikuwa bado amesimama mlangoni, mikono imenyooka mbele, haina kitu. Hakujua acheke au apige kelele. Kwani yeye amesema nini? Na wao wamesikia nini?

Rozari ikasaliwa. Hakujua wako fumbo la ngapi. Watu wakala, wakanywa, wakaaga mmoja mmoja. Mkekani wakabaki watatu: Leokadia, binti yake, na Tekla, ambaye hakuonekana kuwa na haraka ya kuondoka.

"Mama Fotu," Tekla akaanza. "Ufunguo ulikuwepo. Ulikuwa umening'inia kwenye msumari, nauona. Mume wangu alinikataza kumpa mtu yeyote gari, nami niliziogopa ngumi zake. Nilikudanganya."

Miaka minne Leokadia alikuwa akingoja kuyasikia maneno hayo. Alidhani siku akiyasikia atapumua. Sasa ameyasikia, na hakujua kama hasira imepungua au imeongezeka. Ngumi? Walisimama bega kwa bega miaka kumi na tisa, na habari ya ngumi hajawahi kuisikia. Akamtazama Fotunata. Fotunata alikuwa analia kimyakimya, lakini hakusogea pale alipoketi.

Leokadia akaona bora aseme lile moja alilokuwa na hakika nalo.

"Tekla, nikwambie ukweli. Ile karibu haikuwa yako. Nilikuwa namkaribisha Bikira Maria. Wewe sikukukaribisha."

Alitegemea Tekla ainuke kwa aibu na kuondoka.

"Najua," Tekla alisema.

"Unajua?"

"Nilijua palepale mlangoni. Hukunitazama hata mara moja. Lakini nilijiona nimesimama kwako, nimembeba Mama, na neno karibu limeshakutoka. Nikasema moyoni, nikingoja karibu ya kwangu mimi, nitakufa nikiingoja. Nikaingia kwa hiyo ya kwake."

Fotunata akajifuta macho, akainuka. "Chai imepoa," alisema, "ngoja niipashe." Akarudi na vikombe vitatu. Leokadia akavihesabu kwa macho, akachukua kimoja, akanywa. Hakumkumbatia mtu. Hakumfukuza mtu.

Baada ya wiki mbili mzee Kasiani akamuuliza, "Mama, basi umemsamehe?"

"Sijui, katekista," akajibu. "Jana alikuja akabisha hodi, nikamfungulia. Lakini bado sijui."

Ndugu zangu, nawaona mnatikisa vichwa. Mama huyu Tekla ana ujasiri gani! Kuingia nyumbani kwa watu kwa karibu isiyokuwa yake! Haya, nami niwaulize. Sisi tumeingiaje humu ndani? Wewe unayetikisa kichwa, siku ya ubatizo wako mbingu ilikukaribisha kwa sababu ya wema gani? Na mimi niliyevaa kanzu hii, nilisimama altareni kwa stahili ipi? Baba wa mbinguni alisema neno moja la karibu, akimwambia Mwana wake mpendwa, na sisi, na uongo wetu na woga wetu, tukapita mlangoni humo humo nyuma yake. Mnadhani Baba hakutuona? Alituona. Hakutuambia, "Ninyi sikuwakaribisha." Hakuna hata mmoja wetu humu, hakuna, aliyeingia kwa karibu ya kwake mwenyewe.

Huenda Jumatano na wewe utachanganyikiwa. Changanyikiwa. Leokadia hakuelewa kitu siku ile, na mpaka mwisho hakudai kwamba ameelewa. Mungu hakumngoja aelewe. Alichohitaji ni mlango uliokuwa wazi.

Sanamu haina miguu, wapendwa. Kila nyumba itakapofika italetwa na mtu. Mtu huyo ana jina, na wapo kati yenu ambao jina hilo hawajalitamka siku nyingi. Jumatano, mkishamwambia Mama karibu, litamkeni na hilo.

Tusimame sasa, tusali Nasadiki.