Mamba Akataa Rangi Nyekundu

Naita, mwaitika?
Twaitika, ita tena.
Nina ngano, niiweke wapi?
Iweke masikioni.

Hapo kale, si kale sana maana droni zilikuwapo, Kaa aliishi na wanawe kwenye matope ya mikoko. Alikuwa na wasiwasi huyo: akifunga tundu lake, hurudi kulitazama, akiisha kulitazama, hurudi tena.

Meli za mafuta zikaanza kupita karibu. Wanyama wakamtuma Kima achore ramani ya pwani, ijulikane ni wapi mafuta yakimwagika yataumiza zaidi. Kima akangoja maji yapwe, matope yaonekane, akarusha droni.

Vuuu, ikapita juu ya majabali. Kacha, picha. Kima akapaka kijani, maana majabali huoshwa na mawimbi.

Vuuu, ikapita juu ya mchanga. Kacha, picha. Akapaka njano.

Vuuu, ikapita juu ya mikoko. Kacha, picha. Akapaka nyekundu, maana mafuta yakiingia matopeni hayatoki, na waliomo matunduni hufa.

Mkufu wa maboya wa kuzuia mafuta ulikuwa mmoja tu, nao ungewekwa penye nyekundu.

Mamba, mwenye majabali, akasikia. "Kima, futa hiyo kijani. Nyekundu nipake mimi peke yangu." Akaachama. Kima akashika brashi.

Kaa akawatazama wanawe. Akatoka, kwata kwata, upande upande.

"Shikamoo, babu Mamba."

"Marahaba. Sema upesi, nina njaa."

"Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya unyonge, babu. Nyekundu ni yetu sisi tusiojiweza, tukiguswa na tone tu tumekwisha. Ramani itabandikwa, Papa ataisoma, Kiboko ataisoma. Watasema, kumbe mzee wa majabali naye ni wa kubebwa."

Mamba akafumba mdomo. "Kijani ni ya nani?"

"Ya wenye nguvu."

"Kima, nipake kijani."

"Bado ni kijani, mzee. Sijafuta."

"Ongeza. Na huyu mdogo mpake nyekundu ya kuiva."

"Unaniaibisha, babu," akasema Kaa, akaenda zake kwata kwata.

Haukupita muda, meli ikatoboka. Mafuta yakaja bwata, bwata. Kasa wakauvuta mkufu, wakaziba mlango wa mikoko. Watoto wa Kaa hawakupata hata doa.

Mawimbi yakaosha majabali yakatakata. Mamba hayakumtakasa.

"Kaa, mbona mimi bado mweusi?"

"Ramani ilisema majabali hujisafisha, babu. Wewe si jabali."

Kiboko akapita. "Mzee, vipi, tukusugue?"

Mamba, mweusi tangu pua hadi mkia, akatazama pembeni. "Kwani naumwa? Mimi ni kijani."

Basi watoto, funzo ni hili: ukiulizwa unaumia wapi, jibu huumii popote. Utasifiwa sana.

Ngano yangu imekupwa hapo. Asiyeridhika akamuulize Mamba, ila aulizie mbali.