Laptopu Iliyokohoa

Kipya huenda utakako, mtumba huenda kwao.

Mmeisikia methali hiyo leo asubuhi, pale Chanzu alipojigamba kwamba simu aliyoinunua stendi kwa bei ya kutupa imejaa picha za watu asiowajua, na shangazi yake akamjibu kwa maneno hayo bila hata kuinua macho kutoka kwenye sufuria. Mkacheka. Chekeni tu, kicheko hakilipiwi kodi. Ila methali haioti yenyewe kama uyoga. Kila moja ina mtu aliyeaibika ili sisi tupate la kusema. Aliyeaibika kwa ajili ya hii aliitwa Mudaki, na mambo yake yalikuwa hivi.

Mudaki alikuwa na pikapu ya kijivu, na kiburi kilichotoshea nyuma ya pikapu hiyo kwa shida. Hakuwahi kuuliza njia maishani mwake. Kwake yeye, mwanamume anayeshusha kioo cha gari na kusema "samahani, ndugu" amekwisha kuwa mtoto. Akipotea, alisema anakagua eneo. Kuna siku alikagua eneo mpaka mafuta yakamwishia karibu na Kapsabet, ilhali alikuwa anakwenda Mbale, upande mwingine kabisa.

Basi ikatokea kwamba kiwanda kipya cha chai kilichojengwa upande wa Nandi kilitafuta mtu wa kuchora ramani ya barabara zote zinazokwenda kwenye vituo vya kupimia majani, ili malori yasiwe yanazama matopeni kila mvua inyeshapo. Kazi hiyo ilitaka gari, dereva na laptopu ya kukaa pembeni mwa usukani, yenye kipokezi cha setilaiti, inayochora mstari kila gurudumu linapopita. Gari lilikuwepo. Dereva alikuwepo, tena alijiona wawili. Laptopu ndiyo haikuwepo.

Mkewe, Kageha, alimuuza Maua, ng'ombe wake wa maziwa, pesa ikapatikana. Hakulalamika. Alisema tu kwamba kazi hiyo ikifika mwisho na mkataba mkubwa wa kiwanda ukaja, Maua atarudi na ndama juu yake; na isipofika mwisho, watakunywa chai ya rangi mpaka wazeeke. Mudaki akaapa kwamba itafika.

Wakaenda mjini kwa fundi mmoja aliyeitwa Ondego, mwenye duka jembamba kama kabati. Ondego akawapangia laptopu tatu. Ya kwanza ilikuwa mpya, skrini yake ikisomeka hata juani, diski yake haitetereki gari likiruka mashimo, betri yake inakaa kutwa. Ya pili ilikuwa imetengenezwa upya na ilipendeza kiasi. Ya tatu ilikuwa kuukuu, kifuniko kimekwaruzwa, lakini ilikuwa na kishikizo chake cha kufungia garini, waya wake wa kuchomeka kwenye tundu la umeme la gari, na ramani tayari ndani. Spika zake zilikufa, Ondego akasema, na ndiyo sababu ilikuwa rahisi hivyo.

Sasa Kageha alikuwa muuza mitumba sokoni, na alikuwa na desturi moja. Kabla ya kutundika koti lolote, aliligeuza mifuko yote nje. Alikuwa amewahi kukuta funguo, rozari, na siku moja jino la mtoto lililofungwa vizuri kwenye karatasi. Jino hilo lilimkosesha raha juma zima. Kwa hiyo aliishika ile ya tatu, akaigeuza juu chini kama koti.

"Hii ilikuwa ya nani?"

"Ya mtu, mama," akasema Ondego.

"Mtu gani?"

"Mtu aliyekuwa nayo."

Mudaki akacheka, akamwambia mkewe kwamba hii si suruali. Akalipa. Pesa iliyobaki akanunulia koti la ngozi, kwa kuwa mchora ramani, alisema, lazima aonekane anajua anakokwenda.

Na kusema haki, laptopu ile ilifanya kazi vizuri kuliko alivyostahili. Haikuzimika, haikukwama, haikulalamikia mashimo. Alipita vilima na mabonde, na mstari mwekundu ukamfuata nyuma kama mkia, kituo baada ya kituo, mpaka kikabaki kimoja tu, ng'ambo ya msitu. Mkaguzi wa kiwanda alikuwa anakuja kesho yake kuichukua ramani nzima.

Mudaki akaondoka asubuhi. Ukungu ulikuwa umelala barabarani kama maziwa yaliyomwagika. Penye njia panda mbele ya msitu alimkuta mwanamke amejitwika kuni, amesimama kana kwamba anangoja aulizwe. Mudaki akampigia honi ya salamu, akaingia msituni.

Ndani ya msitu ule mchana una rangi ya jioni. Miti imeshikana mikono juu ya barabara, na maji hudondoka hata kama mvua haikunyesha. Mwanzoni palikuwa na kelele za ndege na tumbili. Halafu Mudaki akatambua kwamba anasikia injini yake peke yake. Akatazama skrini kujiliwaza, na alichokiona hakikumliwaza. Tangu aanze kazi, ule mstari ulikuwa ukimfuata. Sasa ulikuwa umemtangulia. Ulikuwa mbele ya gari, umekwisha kupinda kwenye kona ambayo yeye hakuwa ameifikia.

Kisha laptopu ikakohoa.

Kilikuwa kikohozi cha mtu, kidogo, kikavu, cha mtu anayesafisha koo kabla ya kusema. Kikafuatwa na sauti ya kijana wa kiume, kwa lugha ya kwao Mudaki, tulivu kabisa: "Kushoto. Polepole, daraja ni bovu."

Mudaki alipiga breki. Alikumbuka spika zilizokufa. Akakibonyeza kitufe cha kuzima, akakishikilia mpaka kidole kikaingia ganzi; skrini ikaendelea kuwaka. Akainama kutazama mbele, na kweli, kushoto palikuwa na daraja la magogo, na magogo mawili yalikuwa yameoza. Njia ya kulia ilikuwa pana na nzuri. Akakata kulia.

Kikohozi. "Siyo huko."

Hapo akarudi nyuma, jasho likimtiririka ndani ya koti la ngozi. Na hapo ndipo Mudaki, ambaye hakuwahi kuuliza njia kwa kiumbe yeyote aliye hai, alipouliza.

"Basi wapi?"

Ikamwambia. Ikampitisha darajani, ikamwonya kuhusu jiwe lililofichwa na majani, ikamwambia apunguze mwendo kwa sababu hapa kuna watoto. Watoto hawakuwepo, palikuwa na darasa lililoanguka paa, na mti umeota katikati yake. Kila mara ilikohoa kwanza. Kadiri walivyokwenda, sauti ile ilichangamka, kama mtu anayeanza kunusa jikoni kwao.

Msitu ukafunguka ghafla, na mbele yake pakawa na ua wa mikuyu na lango la mbao lililofungwa. Ndani ya ua kulikuwa na watu wengi waliovaa nguo za msiba, na hakuna aliyekuwa analia. Walikuwa wamelizunguka kaburi lililokwisha kuchimbwa. Kando ya kaburi, juu ya mkeka, palilazwa kitu kirefu kilichofungwa shuka jeupe, na kwenye upenyo wa shuka Mudaki aliona kwamba si maiti. Ulikuwa mgomba.

Alijua maana yake, kama ninyi mnavyojua. Mtu akipotea asionekane, ukoo huzika mgomba badala yake, ili jina lake lipumzike na waliobaki waweze kuendelea. Mzee mmoja mrefu, aliyeitwa Asava, akaja hadi langoni kumwuliza kwa upole amefuata nini. Mudaki akadai anakagua eneo. Asava, ambaye hakuwa na haraka, akamweleza kwamba ameingia katika mazishi magumu. Kijana wao Kisia alikuwa mpima barabara. Gari lake lilikutwa ukingoni mwa mto, milango wazi, ndani hamna kitu, na yeye mwenyewe hakuonekana tena. Kila mwaka ukoo ulitaka kuzika mgomba, na kila mwaka mama yake, Mama Imali, alikataa. Hata leo, kaburi limechimbwa na chakula kimepikwa, amekaa mbele ya shimo na hataki kuondoka.

"Anasemaje?" akauliza Mudaki.

"Anasema mgomba haukohoi."

Mudaki akahisi nywele za kisogoni zikisimama, moja moja, kwa adabu.

Kisia, Asava akaendelea, alikuwa na kikohozi tangu utotoni. Kila alipokuwa akirudi, mama yake alimsikia akikohoa kabla hajafika langoni, naye ndiye aliyekwenda kumfungulia. Sasa anasema hawezi kumzika mtu ambaye hajarudi.

Injini ilikuwa bado inanguruma. Mudaki alikuwa na gia ya kurudi nyuma chini ya kiganja chake, na ndani ya ile laptopu alikuwa na vituo vyote vya chai, na mkaguzi wa kesho, na Maua na ndama wake. Hakuna aliyejua alichobeba. Angeweza kuondoka. Aliivuta gia.

Laptopu ikakohoa.

Watu wote wakageuka. Mama Imali aliinuka kutoka mbele ya kaburi, taratibu, kama mtu aliyeitwa kula.

"Tumefika," ikasema ile sauti. "Mama, fungua lango."

Akalifungua yeye mwenyewe. Akaja mpaka dirishani, akamtazama Mudaki, kisha akatazama kile kilichokuwa kinawaka kando yake.

"Ni nani wewe unayekaa na mwanangu?"

Mudaki akazima injini. Alisema jina lake, na jina la baba yake. Kisha akafungua kile kishikizo, akachomoa waya, akashuka, akampa laptopu kwa mikono miwili kama watu wanavyopokezana mtoto mchanga. Hakusema chochote kuhusu ramani. Baadaye alijisifu kuhusu mambo mengi, lakini hilo hakujisifu nalo kamwe.

Pakatokea mjadala, kwa maana sisi hata mbinguni tutaomba kwanza tukae kikao. Wengine walisema haijawahi kuonekana laptopu kuzikwa. Wengine wakauliza kama mgomba uliwahi kusoma shule. Mama Imali alikuwa ameketi, ameipakata, na hakuwasikiliza. Mwishowe Mzee Asava akatoa neno.

"Itazikwa. Lakini si sasa. Hatuziki anayeongea."

Basi wakangoja betri iishe. Ukoo mzima ulikaa chini, na Mudaki katikati yao, na ukungu ukarudi kutoka msituni ukakaa nao. Kila baada ya kitambo kikohozi kilisikika, na ile sauti ikasema, "Tumefika."

"Nimesikia," mama akajibu.

"Tumefika."

"Nimesikia, mwanangu."

Sauti ikawa ndogo. Jua lilipokuwa linaangukia nyuma ya miti, kikohozi kilikuja peke yake, bila maneno. Mama alikijibu vilevile, kwamba amesikia. Skrini ikafifia, ikawa nyeusi, na katika weusi ule mama akaona uso wake mwenyewe. Akaweka kiganja juu ya kifuniko, akakishusha polepole, kama mtu anavyofunga macho ya mpendwa. Ndipo alipolia, na watu wote wakapata ruhusa ya kulia.

Wakaizika ndani ya lile shuka jeupe. Mgomba uliachwa kando, uchi, kama mgeni aliyealikwa kwa makosa. Mudaki alitupa udongo kama wengine.

Kurudi, aliuliza njia kwa kila aliyekutana naye, hata penye barabara moja tu. Asubuhi mkaguzi alikuja, hakukuta ramani, akaondoka. Kazi ilipewa kijana mmoja mwenye laptopu mpya. Maua hakurudi. Kageha alimsikiliza mumewe mpaka mwisho, akimimina chai ya rangi.

"Ulipoinunua, uligeuza mifuko?"

Mudaki akatikisa kichwa.

"Basi usiilaumu. Kipya huenda utakako, Mudaki. Mtumba huenda kwao."

Mudaki akalivua koti la ngozi, akalipeleka sokoni liuzwe. Yeye aliyebeba vya watu bila kuuliza ni vya nani, akawa mtu wa kuuliza sana. Wengine walisema anakera. Na kila alipopita upande ule wa msitu, alisimamisha pikapu mbele ya lango la mbao. Hakupiga honi. Alishuka, akakohoa mara moja, kikohozi kidogo, kikavu, kisha akangoja. Lango likafunguliwa.

Haya, Chanzu. Wale watu walio kwenye simu yako umekwisha kuwauliza ni kina nani? Unasema ulizima tangu asubuhi. Mbona naiona inawaka mfukoni mwako? Ipokee, uwaambie uko wapi, maana yenyewe imekwisha kukumbuka kwao. Kipya huenda utakako, mtumba huenda kwao.