Kigoda cha Bibi Nambua

Hapo zamani, si ile zamani ya fisi kwenda kuposa, ni zamani ya juzi tu, simu zilikuwapo na makatibu walikuwapo, palikuwa na nchi ndogo isiyo na bahari. Sogeeni karibu. Asije mtu akaniambia baadaye kwamba hakusikia, maana hadithi yenyewe ni ya kusikia.

Katika nchi hiyo kulikuwa na mlima uitwao Luvi, na juu yake aliishi kikongwe mmoja, Bibi Nambua. Alikuwa Mluvi, tena Mluvi wa mwisho anayesema Kiluvi. Wengine walikufa. Wengine walihamia mjini, na huko mjini waliona haya, wakanyamaza.

Sasa Waluvi walikuwa na desturi yao. Asubuhi mtu husimama mlangoni, akaita: "Nimeamka. Nani yupo?" Na mwenzake, awe ndani ya nyumba au ng'ambo ya bonde, huitikia: "Nipo. Tupo wawili." Kisha huulizana walivyolala, wakajibizana. Hapo ndipo moto wa asubuhi huwashwa. Kuuwasha kabla hujaitikiwa ni mwiko. Na mtu aliyeachwa peke yake, siku akija akaitikiwa, humpa kigoda cha nyumba yake yule aliyevunja kimya. Aliyepewa kigoda huwa mtu wa nyumba ile, hukaa pale, huitikia kila asubuhi. Kigoda kimoja, mtu mmoja.

Miaka mingi Bibi Nambua aliitikiwa na dada yake mdogo, Namkunda, aliyeishi ng'ambo ya bonde. Namkunda akafa. Kesho yake Bibi akasimama mlangoni: "Nimeamka. Nani yupo?" Akasikiliza. Kimya. Akaingia ndani, akala viazi vya jana, vya baridi. Kesho kutwa akasimama, akaita, akasikiliza. Kimya. Akala viazi vya baridi. Mwaka wa kwanza hivyo. Mwaka wa tano hivyo. Mwaka wa kumi na moja hivyo. Moto wa jioni hauna mwiko, ndio uliomweka hai. Lakini asubuhi za mlima zina baridi, nyie hamjui, na mikono yake ilikuwa imekunjamana kwa baridi hiyo. Masikio nayo yakaziba kidogo kidogo, mpaka hakusikia tena hata jogoo wake mwenyewe.

Tumwache hapo mlangoni, twende mjini.

Mjini Baraza la nchi lilikuwa linakaa kuamua jambo zito: tushirikiane na mataifa katika lipi? Wa kwanza wakasema, "Elimu kwanza." Wa pili wakasema, "Utamaduni kwanza." Wa tatu wakasema, "Sayansi kwanza." Siku tatu walibishana. Maandazi yaliisha, hoja hazikuisha. Siku ya nne mgeni kutoka nje akauliza swali la adabu tu: "Mna lugha ngapi hapa kwenu?" Katibu akaanza kuhesabu, na alipofika Kiluvi akaandika: msemaji mmoja. Mgeni akatikisa kichwa polepole. Baraza likaona aibu, na aibu ya mbele ya mgeni ndiyo dawa pekee ya baraza.

Wakaamua hivi. Watu watatu waende nchi tatu, miaka mitatu, mmoja kwa elimu, mmoja kwa utamaduni, mmoja kwa sayansi. Wakirudi wapande Luvi. Atakayepewa kigoda na Bibi Nambua, mkataba wa upande wake ndio utakaotiwa muhuri. Mikataba miwili mingine itaachwa, kwa sababu nchi ni ndogo na mshika mbili moja humponyoka. Bibi mwenyewe hakuulizwa. Wakati huo nani angemuuliza, na kwa lugha gani?

Kabla ya safari waliupanda mlima mara moja, wakamwona. Akasimama, akaita, akasikiliza, akala viazi vyake. Wote watatu wakashuka.

Wa sayansi alikuwa Atupele, fundi wa mitambo midogo. Alienda nchi ya theluji kujifunza kutengeneza vifaa vya kusaidia masikio. Mchana alipima masikio ya watu, jioni alirudi chumbani kwake juu ya duka la viatu. Mwenye nyumba alizungumza naye mara mbili: siku aliyofika na siku aliyoondoka. Atupele mwenyewe alisema baadaye, "Nilikuwa nafungulia bomba la maji nisikie kitu kinaongea." Lakini alijifunza. Alitengeneza kifaa kidogo kama punje ya hindi, kinachoendeshwa na betri ndogo zaidi, na betri hizo hazipatikani kwingine ila huko.

Wa utamaduni alikuwa Semboja, mlinzi wa jumba la makumbusho la nchi. Alienda nchi iliyowahi kututawala, akateremka kwenye ghala la chini ya ardhi lenye kanda za sauti maelfu, zilizochukuliwa kwetu na watafiti wa zamani. Nyingine zilikuwa hazina majina, nyingine zilipewa majina ya uongo. Semboja akavaa vile vya kuvaa masikioni, akaanza kanda ya kwanza. Alisikiliza mwaka mzima. Alisikiliza mwaka wa pili. Alisikia sauti za watu wetu waliokufa wakicheka, wakiimba, wakigombana, naye hakuwa na mtu wa kumwambia, "Hebu njoo usikie." Mwaka wa tatu alifika kwenye kanda iliyoandikwa "Wimbo wa mavuno, kabila halijulikani." Hakukuwa na wimbo. Kulikuwa na msichana mmoja anaita, na msichana mwingine, kutoka mbali, anaitikia. Maneno hakuyaelewa, lakini mwito ule alikuwa ameusikia juu ya Luvi. Akalia peke yake kule chini.

Wa elimu alikuwa Nakiete, mwalimu kijana. Huyu alienda nchi yenye chuo ambako mzee mmoja wa kigeni alihifadhi madaftari ya Kiluvi yaliyoandikwa na wamisionari. Akajifunza neno kwa neno. Mzee wa kigeni akawa anamsahihisha matamshi. Na Nakiete kila akisahihishwa aliinamisha kichwa, mzee akadhani ni heshima. Haikuwa heshima. Nitawaambia ilikuwa nini, lakini si sasa.

Miaka mitatu ikatimia. Wakapanda Luvi watatu, na Katibu nyuma yao, muhuri mfukoni. Wakafika alfajiri. Bibi Nambua akatoka. Akawaona, akawapungia mkono kidogo kama wapita njia. Akasimama mlangoni pake.

"Nimeamka. Nani yupo?"

Nakiete alifungua mdomo. Akaufunga. Akarudi nyuma ya Semboja, akajibanza.

Basi Atupele akatangulia. Akapiga magoti mbele ya kikongwe, akamwonyesha kile kifaa kwa ishara, akakiweka sikioni polepole. Bibi akashtuka. Jogoo akawika, Bibi akageuka. Upepo ulipita kwenye migomba, akageuka. Akacheka. Atupele akacheka na machozi yakamtoka, akisema, "Anasikia, jamani, anasikia." Kisha Bibi akasimama tena wima, akaita kwa nguvu kuelekea bondeni: "Nimeamka. Nani yupo?" Akasikiliza, mara hii kwa sikio linalosikia. Kimya.

Uso ukamsawijika. Akasema maneno kwa Kiluvi, polepole, akielekea bonde. Katibu akauliza, "Anasemaje?"  Nakiete alielewa, lakini hakutafsiri. Bibi alikuwa amesema hivi: "Nilipokuwa siwezi kusikia, nilijiambia labda wananiitikia. Kila siku nilijiambia labda. Sasa najua." Akainua mkono akitoe kile kifaa.

Semboja akamshika mkono, taratibu, kama mtu na mama yake. Akafungua redio yake ya kanda. Sauti ya msichana ikatoka, sauti ya miaka sitini iliyopita: "Nipo. Tupo wawili."

Bibi Nambua akaketi chini mavumbini. "Namkunda," akasema. Jina hilo hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Akaikumbatia ile redio kifuani. Akaanza kuinuka aelekee jikoni kuwasha moto, kisha akasimama, kwa sababu desturi ina swali la pili. Akaiinamia redio, akauliza kwa Kiluvi, "Umelalaje, mdogo wangu?" Redio ikajibu, "Nipo. Tupo wawili." Akauliza tena. Semboja akairudisha kanda, redio ikajibu vilevile. Bibi akaiweka chini, akaifunika kwa khanga yake kama unavyomfunika maiti. Moto hakuuwasha.

Hapo ndipo Nakiete akatoka nyuma ya Semboja.  Akasema kwa Kiluvi, Kiluvi cha madaftari, kimenyooka mno, kila neno peke yake: "Nipo. Tupo wawili. Nimelala vibaya, Bibi. Wewe umelalaje?"

Kikongwe akamtazama muda mrefu. "Unasema kama mgeni," akamwambia. "Wewe ni mtoto wa nani?"

"Mimi ni Nakiete. Wa mwanao Kirita."

Sasa nawaambia nililoficha. Nakiete alizaliwa katika nyumba ile. Wazazi wake walikufa mapema, akalelewa na bibi yake, na ndiye aliyekuwa akimwitikia kila asubuhi, kabla hata Namkunda hajasikia kule ng'ambo. Alipofikisha miaka tisa, shuleni alivishwa kibao. Mnakijua kile kibao? Mtoto akikamatwa anasema lugha ya kwao, huvikwa shingoni kipande cha ubao, akashinda nacho siku nzima, wenzake wakimcheka. Nakiete alikivaa siku tano. Asubuhi ya siku ya sita Bibi akaita, "Nimeamka. Nani yupo?" Nakiete alikuwa macho kitandani. Akanyamaza. Hakuitikia tena kamwe. Baadaye akaenda mjini, na Baraza lilipomuuliza kabila akasema, "Mimi ni wa mjini." Lugha ikamponyoka, ikabaki aibu, na ndiyo aibu iliyomwinamisha kichwa mbele ya yule mzee.

Bibi Nambua akasema, "Kumbe ni wewe. Kimya hiki kilianzia kwako."

"Ndiyo, Bibi. Kilianzia kwangu."

Kikongwe akakumbuka swali aliloulizwa. Kisha akasema, "Nimelala kwa baridi, mwanangu." Akaingia jikoni, akawasha moto wa asubuhi, wa kwanza tangu Namkunda afe. Wote wakala viazi vya moto, hata Katibu, tena yeye alikula vingi.

Walipomaliza, Bibi akatoa kigoda, akakipangusa kwa kiganja, akakiweka katikati ya uwanja. Kigoda cha miguu mitatu, cheusi kwa moshi. Katibu akatoa muhuri. "Semeni," akawaambia.

Atupele akasema, "Kigoda ni changu. Yupi kati yenu alisikika kabla yangu? Mngeimba mpaka jua lizame, mngekuwa mnaimbia ukuta. Na mkiuacha mkataba wangu, betri zilizopo ni za miezi miwili. Zikiisha, bibi huyu atarudi kimyani, na mara hii atajua kwamba ni kimya."

Semboja akasema, "Kigoda ni changu. Wewe Atupele ulimpa sikio la kusikia upweke wake. Alikuwa anakitoa, ni mimi niliyemzuia. Ni sauti niliyomletea mimi iliyomrudishia jina la nduguye mdomoni. Na mkiuacha mkataba wangu, kule chini kuna maelfu ya kanda. Mama zenu wamo. Watabaki wakiita gizani, kabila halijulikani."

 Nakiete akasema wa mwisho, "Sitasema kigoda ni changu. Niseme tu lililopo. Sikio halijibu. Kanda haijibu. Moto uliwashwa nilipojibu. Na mkiuacha mkataba wangu, hakuna mwingine atakayefundishwa. Bibi atakufa, maana amezeeka. Siku hiyo mimi ndiye nitakayesimama mlangoni niite, na nitakuwa sina wa kuniitikia."

Semboja akamjibu bila ukali, "Binti, ungeitikia ukiwa na miaka tisa, mimi nisingekaa miaka mitatu chini ya ardhi."

"Najua, kaka," akasema Nakiete.

Katibu akamgeukia Bibi, Nakiete akatafsiri: "Sema, nani akikalie?" Bibi Nambua akamtazama Atupele aliyempa sikio. Akamtazama Semboja aliyempa dada. Akamtazama mjukuu aliyemnyamazia na akarudi kumjibu. Mkono wake ulikuwa juu ya kigoda.

"Kesho asubuhi nitaita," akasema. "Amueni kabla sijaita."

Akaingia ndani akajilaza. Hao watatu wakabaki uwanjani, kila mmoja kivyake, hakuna aliyemkaribia mwenzake, na kigoda katikati yao. Katibu naye amenituma kwenu niwaulize.

Msiniambie wakikalie kwa zamu, kwa Waluvi hakuna zamu. Msiniambie kigoda kikatwe vipande. Wala msiniambie Baraza liwe na busara zaidi, Baraza mnalijua. Kule Luvi kunaanza kupambazuka, na kikongwe anatafuta khanga yake atoke mlangoni. Aliyempa sikio, aliyempa sauti ya nduguye, au aliyempa jibu baada ya kumnyima. Je, ninyi mnaonaje, nani alistahili kukaa pale wakati akiita?